Bwawa la Samaki Limemrudisha Baba Lukaya



*Mimi ni mwanamke wa miaka 43, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Mafinga. Baba yangu ametimiza miaka 71. Mwaka 1978 alikuwa mgambo kijijini kwetu, akachukuliwa kwenda Kagera, na kutoka huko wakaingia Uganda. Aliporudi alijifunza udereva, akaendesha malori ya chai na mbao mpaka alipostaafu. Habari za vita hakuzizungumza. Tulikua tukijua tu kwamba baba "alikwenda Kagera", na kwamba ndani ya sanduku la bati kuna nishani ambayo hatukuruhusiwa kuichezea.*

*Mama alifariki mwaka juzi. Tukaona baba asibaki peke yake, nikamleta kwangu. Nyuma ya nyumba tuna kipande cha ardhi kinachoteremka kwenye kibonde. Mimi na mume wangu tukamtengenezea bustani: mifyulisi, miparachichi, mawaridi ya mama tuliyoyahamisha kutoka kijijini, benchi la mbao, na chini kabisa bwawa dogo la samaki lenye matete pembeni. Baba alifurahi sana. Mwanzoni alikuwa anakaa pale tangu chai ya jioni hadi tumwite kula.*

*Mvua za mwaka huu zilipokolea, mambo yakabadilika. Vyura wakianza kulia jioni, baba anatulia kuwasikiliza. Wakinyamaza ghafla, anasimama. Nimemwona kwa macho yangu. Ananyanyuka polepole, anaacha benchi, anakwenda kuegemea mparachichi mkubwa na kuyatazama matete bila kupepesa. Nikimuuliza kuna nini, anasema, "Wapo." Usiku halali, anazunguka nyumba na kukagua madirisha. Majuzi mwanangu wa miaka tisa alitumwa kumwita babu yake chakula. Alikwenda na tochi ya simu. Baba alimrukia, akamwangusha chini, akamlalia juu na kumziba mdomo. Mtoto hakuumia ila alitetemeka usiku kucha. Baba alipotambua ni nani, alilia. Sijawahi kumwona baba akilia, hata kwenye msiba wa mama. Kesho yake aliniambia neno moja tu: Lukaya.*

*Kaka yangu anasema tufukie bwawa na baba arudi kijijini. Shangazi anasema kuna watu wa vita wanamfuata, apelekwe kwa mtaalamu wa kienyeji. Mchungaji anataka kuja kumwombea. Mimi naona nimemletea baba yangu balaa kwa mikono yangu mwenyewe. Nifanye nini?*

*Binti wa Mgambo, Mafinga*

Mwanangu,

Nianze na yale yasiyoweza kusubiri. Baba asirudishwe kijijini kuishi peke yake, na bwawa msiliguse kwanza. Mpaka atakapoonwa na daktari, mtoto asitumwe bustanini jua likishazama. Na kama baba ana panga, rungu au gobore karibu na kitanda, kaa naye umwombe kwa heshima likafungiwe stoo, ufunguo akae nao mume wako. Mpe sababu ya kweli, kwamba ni kwa ajili ya mtoto na kwa ajili yake mwenyewe. Aliyepita jeshini anajua kwamba silaha ina ghala lake.

Sasa tuzungumze kuhusu Lukaya. Baba amekupa neno hilo moja, na naamini alikupa akitumaini kwamba utaelewa bila yeye kulazimika kueleza.

Wewe ulizaliwa vita vimekwisha. Shuleni walikufundisha kwamba Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, Mwalimu akatoa ile hotuba ya sababu, uwezo na nia, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Yote hayo ni kweli. Ila yanavyosimuliwa, mtu hudhani kati ya Mutukula mpakani na Kampala palikuwa na barabara tupu iliyosubiri askari wetu wapite. Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara hiyo, ukishaipita Masaka kuelekea Kampala. Hapo barabara inapita juu ya tuta, na pembeni ni kinamasi kikubwa cha mafunjo na matete upande wa Ziwa Victoria. Gari likitoka nje ya lami limezama. Mtu akitoka nje ya lami yuko majini hadi kiunoni.

Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 ya jeshi letu iliingia Lukaya. Sehemu kubwa ya brigedi hiyo walikuwa mgambo, vijana waliokuwa na jembe mkononi miezi michache tu nyuma, na wengi walikuwa hawajaonja mapigano makubwa. Siku hiyohiyo wakashambuliwa na askari wa Amin wakiwa pamoja na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi, wenye vifaru na maroketi yanayofyatuliwa kwa mfululizo kutoka kwenye lori. Mengi ya maroketi yale yalipita juu ya vichwa vyao. Lakini mlio ule, kwa kijana ambaye hajawahi kuusikia, unatosha kumvua akili. Brigedi ikavunjika. Watu wakakimbilia kwenye kinamasi, wengine wakarudi nyuma kwa barabara ya Masaka. Giza likaingia. Usiku kucha watu wa pande zote mbili walikuwa wamechanganyika mle, na hakuna aliyekuwa na hakika kama anayepumua karibu yake ni mwenzake au ni adui. Alfajiri ya tarehe 11, Brigedi ya 208, iliyokuwa ikizunguka kando ya kinamasi, ilitokea upande wa barabara ya Kampala, 201 nayo ikajipanga upya ikarudi mapambanoni. Adui akashindwa, na njia ya kwenda Kampala ikafunguka. Wanahistoria wa vita vile wanaihesabu Lukaya kuwa miongoni mwa mapigano makubwa yaliyoamua mambo. Wakati huo baba yako alikuwa na miaka 24.

Sasa fikiria kijana huyo amelala kwenye matope gizani. Macho hayamsaidii. Kupiga kelele hawezi. Kilichobaki ni masikio. Na mtu yeyote aliyekaa kando ya maji usiku anajua kwamba vyura hulia wakiwa na amani, na mguu wa mtu ukiingia majini wale walio karibu hunyamaza. Kwa hiyo mtu aliye mle hasikilizi kelele. Anasikiliza pale kelele zinapokatika, na hapo ndipo anapojua mtu yuko upande gani na umbali gani. Kama baba alijifunza hivyo usiku ule, basi elimu hiyo huenda ndiyo iliyomrudisha nyumbani akamwoa mama yako nawe ukazaliwa. Mwili hauitupi elimu ya namna hiyo eti kwa sababu vita vimetangazwa kuwa vimekwisha.

Tazama basi mlichomjengea, bila kujua. Maji yaliyotulia, matete, unyevu wa jioni, vyura. Kisha mbwa wa jirani anashuka kunywa maji, vyura wananyamaza, na gizani unatokea mwanga mdogo unaoyumba, unakuja bila sauti. Akili ya baba yako ilikuwa haijapata hata nafasi ya kuuliza ni nani. Mwili ulishajibu.

Naomba usome tena ulichoniandikia kuhusu jioni ile. Hakumpiga mtoto. Hakumkaba koo. Alimlaza chini, akamfunika kwa mwili wake, akamziba mdomo asitoe sauti. Hivyo ndivyo mtu anavyomfanyia mwenzake asiyejua hatari, pale risasi zinapopita. Mimi sidhani kwamba baba alimwona mjukuu wake kama adui. Naona alimwona kama kijana wa kombania yake aliyesimama na tochi mahali ambapo mwanga ni kifo. Inawezekana kuna kijana ambaye kule Lukaya hakuwahi kumfikia. Hilo usimuulize. Litunze moyoni tu, lisaidie namna unavyomtazama asubuhi mnapokunywa chai.

Umejiuliza pia, bila kuliandika waziwazi, kwa nini sasa. Amekaa zaidi ya miaka 40 bila shida, mbona apatwe leo, kwenye bustani nzuri, katikati ya watu wanaompenda? Mimi nasema ni kwa sababu hiyohiyo. Miaka yote ile baba alikuwa ndani ya kabini ya lori. Injini inanguruma, barabara inadai macho, mzigo unasubiriwa kiwandani, kuna pancha, kuna trafiki, kuna ada za watoto. Mtu anayeendesha lori la mbao kwenye ukungu wa Mufindi hana nafasi ya kusikiliza vyura. Amestaafu, kelele zimeisha, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake ameketi mahali tulivu asiwe na la kufanya. Yaliyokuwa yakisubiri foleni yamepata mlango.

Halafu kuna mama yako. Wake wa waliokwenda Kagera niliozungumza nao hunisimulia mambo yanayofanana. Mume huamshwa kwa kuguswa kidole cha mguu, ukiwa umesimama mbali, kamwe si kwa kushikwa bega. Kuna upande wa kitanda ambao ni wake, ule unaotazama mlango. Kuna usiku mke anaamka, anawasha taa, anachemsha maji ya chai saa nane bila kuuliza kitu, na asubuhi watoto hawajui lolote. Naamini mama alikuwa akilinda lindo hilo peke yake. Mlipomzika, baba alibaki bila mtu anayejua lindo hilo lilivyokuwa.

Hili linawapata wengi. Watafiti wa Marekani waliozungumza na askari wazee wa Vita vya Pili vya Dunia, vya Korea na vya Vietnam walikuta watu walioishi vizuri kwa miongo mingi, wakafanya kazi na kulea familia, kisha kumbukumbu zikawajia uzeeni baada ya kustaafu, kufiwa au kuugua. Kwa baadhi yao ni ugonjwa unaohitaji tiba. Kwa wengine ni kazi ya uzee yenyewe, mtu anageuka nyuma kuyatazama maisha yake na vita navyo vimo. Kwa baba yako, kwa kuwa halali na tukio la mtoto limeshatokea, tusibahatishe. Tuchukulie kwamba anahitaji tiba.

Na ujue kwamba kizazi chake hakikupata bahati. Ugonjwa wa akili unaofuata kiwewe cha vita uliingizwa kwa jina lake kwenye mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Baba yako alikuwa ameshateremka kwenye lori la jeshi na kurudi kijijini. Nchi nayo ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, sukari haipatikani, sabuni haipatikani. Nani angemuuliza mgambo analalaje? Ananiuma huyu mgambo. Askari wa kudumu alirudi kambini, kati ya wenzake walioona aliyoyaona, penye hospitali ya jeshi. Mgambo alirudi kijijini kwake ambako yeye pekee, au yeye na wawili watatu, walijua. Watu wakamshangilia wiki moja, kisha msimu wa kulima ukafika.

Ndiyo maana Shangazi yako usimcheke. Anaposema kuna watu wa vita wanamfuata, anataja jambo ambalo wazee wetu walilijua. Baadhi ya jamii zetu zilikuwa na desturi ya kumtakasa aliyetoka vitani kabla hajaingia nyumbani kwake, kwa sababu waliona kwamba mtu harudi kama alivyokwenda. Baba hakufanyiwa lolote la namna hiyo, na Shangazi anahisi kwamba kuna kazi haikufanyika. Anahisi sawasawa. Mpe nafasi ya heshima: akitaka familia ikusanyike, wazee wamshukuru ndugu yao kwa alichokifanya, mle pamoja, kusanyikeni. Lakini kumpeleka mzee wa miaka 71 akachanjwe chale, anyweshwe vitu visivyojulikana na kufukizwa moshi ndani ya chumba chenye giza, hapana. Kataa bila kugombana.

Mchungaji aje, tena mchana, akae naye bustanini kama mgeni, wasali kama baba anapenda. Mwambie mapema mambo mawili. Kwanza, asije na kundi la watu wa kukemea kwa sauti. Baba hana pepo wa kutolewa. Pili, asimwekee mikono kichwani akiwa nyuma yake.

Kuhusu kaka, naelewa anachokiogopa, ameogopa kwa ajili ya mtoto. Lakini kulifukia bwawa bila baba kusema ni kumwambia kwamba yeye ndiye tatizo na mmeamua mambo yake nyuma ya mgongo wake. Na akirudi kijijini atawakuta vyura wengine, asiwe na mtu wa kumchemshia chai saa nane.

Muulizeni yeye. "Baba, hapa chini tupafanyeje?" Akisema bwawa lifukiwe, lifukieni siku hiyohiyo na apande anachotaka. Akisema libaki, mwachie uongozi wa bustani yote. Mimi ningependekeza mfyeke matete ya upande unaotazama nyumba, ili aone maji yote hadi ukingoni. Benchi mlihamishie penye ule mparachichi. Ameshawaonyesha mahali anapopataka: mgongo umeegemea shina, macho yanaona njia ya kuingilia. Njia yenyewe imwagieni kokoto, ili hatua za mtu zisikike tangu mbali. Wekeni taa ya sola moja au mbili zisizohama, kwa sababu mwanga uliotulia hauogopeshi kama unaoyumba. Na iwe sheria ya nyumba kwamba anayemfuata baba bustanini anaita tangu mlango wa jikoni, kwa sauti ya kawaida, anataja jina lake, anasubiri kuitikiwa. Watoto waimbe wakienda. Hakuna kumshtua, hakuna kumgusa kwa nyuma, hakuna mchezo wa kujificha kwenye matete.

Mabadiliko makubwa ni ya saa. Bustani iwe ya asubuhi. Awape samaki chakula, apogoe mifyulisi, ayapalilie mawaridi ya mama yenu, awafundishe wajukuu kupandikiza. Mikono ikiwa na kazi na jua likiwa juu, mahali palepale panajifunza kuwa mahali pengine. Kule Edinburgh, kwenye hospitali ya Craiglockhart, askari wa Uingereza waliovurugika akili katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa kazi za bustani kama sehemu ya matibabu, na mpaka leo wapo wanaowatibu askari kwa udongo na mimea. Ile saa ya jioni vyura wanapoanza, baba awe ukumbini na redio, na taarifa ya habari, na kelele za watoto wanaofanya kazi za shule. Baadaye, akishapata tiba, mwenyewe ataamua kama anataka kuirudia jioni yake.

Kuzungumza. Hapa watoto wengi wenye mapenzi mema huharibu. Humkalisha mzee sebuleni wakamwambia, "Baba, tueleze yote, utapona." Usifanye hivyo. Na usimwache yeyote amuulize aliua wangapi. Watoto na vijana huuliza swali hilo na wazee huwa hawalisahau. Nenda naye bustanini asubuhi, shikeni kazi, mkiwa mmetazama udongo. Mwambie, "Baba, uliniambia Lukaya. Nimejua palikuwa na kinamasi. Nimejua mlikuwa mgambo." Kisha nyamaza, endelea kupalilia. Akijibu, sikiliza. Akisema jambo zito, usilie kwa sauti mpaka aanze kukubembeleza wewe, na usiharakishe kumwambia kwamba hayo yamepita. Akinyamaza, umeshamweleza kwamba mlango uko wazi, inatosha.

Lakini yapo ambayo hatakuambia wewe, na ni sawa. Wewe ni binti yake. Hayo anayahitaji aliyekuwepo. Hapo Mafinga mna kambi ya JKT, na kila wilaya ina ofisi ya Mshauri wa Mgambo. Nenda ukaulize kama wanawajua wazee wa Vita vya Kagera waliobaki wilayani kwenu. Mwombe baba ruhusa kwanza. Ukimpata hata mmoja, mwalike chai ya mchana, waweke chini ya mparachichi, kisha nyinyi nyote muwe na shughuli ndani. Wasipoongea lolote kuhusu vita, wakaongelea bei ya mahindi saa tatu nzima, bado itakuwa imesaidia. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, muulize kama angependa kwenda kwenye maadhimisho au abaki nyumbani, na mweleze kama kutakuwa na mizinga. Ipo pia Kaboya, kule Muleba, walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita vile. Wazee wengine hutamani kufika kabla hawajafa. Wengine hawataki hata kusikia. Baba akiitaja mwenyewe, anzeni kupanga safari, ila ahudhurie kliniki kwanza.

Na hospitali, mwanangu, mpeleke wiki hii. Anza na hospitali ya wilaya kwa uchunguzi wa mwili, kwa sababu mzee anayebadilika ndani ya muda mfupi anaweza kuwa na jambo lingine juu ya kumbukumbu za vita. Maambukizi ya njia ya mkojo peke yake yanaweza kumvuruga mzee akaona na kusikia visivyokuwepo. Apimwe mkojo, sukari, shinikizo la damu, masikio na macho. Taja dawa zote anazotumia. Waombe pia wapime kumbukumbu zake za kawaida, kama anajua siku, mahali, majina. Kwamba alimtambua mjukuu wake palepale akalia ni dalili njema, lakini daktari ndiye aseme.

Baada ya hapo omba rufaa kwa daktari wa afya ya akili. Najua kitakachopita kichwani mwa baba: Mirembe, kichaa, aibu. Usimdanganye, ila anzia penye ukweli anaoukubali mwenyewe, kwamba halali. "Baba, tunakwenda kutafuta usingizi." Tiba ipo. Kuna mazungumzo na mtaalamu yanayofanywa kwa hatua, na kuna dawa, zile zinazotumika pia kwa sonona, ambazo huwapa wengi nafuu. Uzee haumzuii mtu kupona. Ila usimnunulie vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa. Kwa mtu wa umri wake huleta kizunguzungu, kuanguka na kuvunjika nyonga. Angalia na ulanzi. Kikombe cha kuzungumza na wenzake ni kitu kimoja, na kikombe cha kutafutia usingizi kila usiku ni kitu kingine. Siku yoyote akisema kwamba amechoka kuishi, au kwamba anataka kuwafuata wenzake, usisubiri miadi. Mpeleke siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani.

Mwanao ana miaka tisa na ameogopa mtu anayempenda. Asiambiwe kwamba babu ana wazimu, wala asiambiwe kwamba hakuna kilichotokea. Mwambie kwamba babu zamani alikuwa askari, mahali penye giza na maji, na mwanga ulikuwa hatari kwao. Alipoiona tochi, mwili wake ulidhani ni siku zile, akataka kumlinda. Kisha babu mwenyewe, akiwa tayari, amwambie samahani kwa maneno yake. Usimsemee. Mjukuu na babu wana lugha yao, na baba anahitaji kusamehewa na huyo mtoto kuliko anavyohitaji ushauri wangu.

Nawe, hatia uliyojibebesha haina kazi. Ulimpa baba mahali pa kupumzika, na mwili wake umeona hapo panatosha kuutua mzigo. Ungemwacha kijijini, angeutua peke yake. Zamu za usiku gawaneni na mume wako na kaka yako. Kaka mwenye wasiwasi mwingi namna hiyo aje alale kwenu siku mbili kwa wiki, atafaa kuliko akilaumu kwa simu.

Kabla ya kwenda kliniki, nunua daftari. Andika siku na saa alizoamka, nini kilitangulia, alisema nini, alikula nini, alikunywa nini, ilimchukua muda gani kutulia. Daktari atakuuliza hayo yote, na ukiwa pale utayasahau. Ukimaliza kuandika, mpe baba alisome kwanza yeye, na akitaka kufuta au kuongeza mstari, aongeze. Habari ni zake.